Hivi Ons Jabeur ndio Mwafrika wa kwanza kufika fainali ya Wimbledon au tunadanganyana?

Ngamiani_Boy

Wakuu shikamooni kwa wakubwa, wadogo mambo vipi.

Kuna ubishi hapa kijiweni umetushinda naomba wanaoijua tenisi mtuamue. Jamaa yetu mmoja ameshikilia kwamba Ons Jabeur wa Tunisia ndio Mwafrika wa kwanza kucheza fainali ya Wimbledon upande wa mchezaji mmoja mmoja, anasema alimsikia mtangazaji kwa masikio yake mwaka 2022 siku ile dada anacheza na Rybakina. Mwingine akamrukia, we vipi, mbona Kevin Anderson wa Afrika Kusini alicheza fainali na Djokovic 2018, au yule sio Mwafrika? Yule wa kwanza akabadilisha gia angani, aah mi namaanisha mwanamke. Nikadhani yameisha, mara akadakia mzee mmoja muuza magazeti ambaye siku zote huwa kimya tu, akasema hata kwa wanawake Jabeur sio wa kwanza, kuna dada wa Afrika Kusini alishafika zamani huko mwaka 60, na kwa wanaume kuna mtu alilibeba kombe kabisa akiwa anachezea Misri. Hapo ndo moto ukawaka, watu wakamwambia mzee unatunga.

Kreti la soda limeshawekwa. Naomba mnimwagie Waafrika wote waliowahi kugusa fainali ya Wimbledon ya mmoja mmoja, wake kwa waume, na walichapwaje au walishindaje. Na kama ni kweli Misri imewahi kuchukua Wimbledon basi mi mwenyewe nitashangaa.

Mzee_wa_Mshindo

Marahaba. Huyo mzee wa magazeti mpeni kreti lake akanywe na wajukuu, kila alichosema ni kweli.

Mwanamke anayemzungumzia ni Sandra Reynolds wa Afrika Kusini, fainali ya 1960, akapigwa na Maria Bueno wa Brazil 8-6, 6-0. Seti ya kwanza alibanana nae kwelikweli, ya pili akafutwa. Bueno alikuwa bingwa mtetezi kachukua 1959, kwaiyo sio aibu. Na mwaka huohuo huyu Reynolds akiwa na mwenzake Renée Schuurman walifika na fainali ya wawili wawili, wakakutana na Bueno tena, akiwa na Darlene Hard, wakafungwa tena. Yaani mtu mmoja kakuharibia Wimbledon nzima.

Mtangazaji nae hakudanganya, ila jamaa yenu kasikia nusu. Walichokuwa wanasema siku ile ni kwamba Jabeur ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika fainali katika zama za Open, na Mwarabu wa kwanza. Hako kamkia ka "zama za Open" ndo kenye shughuli yote. Zama za Open zinaanzia 1968, kabla ya hapo Wimbledon na mashindano mengine makubwa walikuwa wanaruhusu wachezaji wa ridhaa tu, ukishaanza kulipwa kama mtaalamu mlango unafungwa, huchezi tena. 1968 ndo wakafungua wote wacheze pamoja. Kwaiyo watu wa takwimu wakisema rekodi fulani ni ya zama za Open wanakuwa wameikata historia pale, na huyo Reynolds wa 1960 anabaki upande wa pili wa ukuta. Mtu akilisikia jambo hili redioni huku anakata vitunguu anabaki na "wa kwanza" tu basi.

Ukiondoa huo mkia, Jabeur ni wa pili kwa wanawake wa bara hili. Ila kati ya hao wanawake ndio pekee aliyefika mara mbili, 2022 na 2023.

Kwa wanaume sasa. Wa kwanza kabisa ni Brian Norton, Afrika Kusini, 1921. Hii ntawasimulia vizuri maana ina utamu wake. Enzi hizo bingwa mtetezi hachezi raundi za chini, anakaa kwake anakunywa chai, wengine wote wanachinjana, atakayebaki ndo anakuja kumpa changamoto bingwa kwenye mechi moja ya mwisho. Norton akachinja mpaka fainali ya wapinzani, akamkuta Manuel Alonso wa Hispania, akafungwa seti mbili za mwanzo, akageuza akashinda tatu. Ndo akapata tiketi ya kumkabili Bill Tilden Mmarekani, bingwa wa 1920, ambae alikuwa ametoka kuugua hata mwili haujakaa sawa. Norton akachukua seti mbili za mwanzo 6-4, 6-2. Alafu akapotea, 1-6, 0-6. Seti ya tano wakakabana koo mpaka Norton akapata pointi za kumaliza mechi, akazikosa, Tilden akachukua 7-5. Kijana wa miaka 21, Wimbledon ilikuwa mkononi mwake. Mwaka uliofuata ule utaratibu wa bingwa kukaa anasubiri ukafutwa, na mashindano yenyewe yakahama kutoka Worple Road kwenda Church Road ambako yapo mpaka leo. Kwaiyo Norton alipoteza fainali ya mwisho ya uwanja wa zamani na ya mwisho ya mtindo ule.

Ya Misri ntarudi baadae, kuna mgeni hapa mlangoni.

TopSpin254

Poleni sana wabongo lakini hii list mzee ameanza mtaikwama mahali. Kwani mnamweka wapi Kevin Curren?

Curren alizaliwa Durban, akalelewa huko, akaenda kusoma Texas. 1984 akacheza fainali ya Australia kama mtu wa South Africa, akapigwa na Wilander. 1985 akachukua uraia wa Marekani, na miezi michache baadae, mwaka huohuo, akaingia fainali ya Wimbledon. Sasa huyo ni Mwafrika ama si Mwafrika? Kwa vitabu vya Wimbledon amewekwa bendera ya Marekani. Na hiyo safari yake ya 1985 si mchezo bana, alimtoa Edberg, akamtoa McEnroe 6-2, 6-2, 6-4, akamtoa Connors 6-2, 6-2, 6-1. Yaani alichukua wafalme wawili wa Marekani akawafagia kama majani, sevu, ule mpira wa kuanzisha, ilikuwa inapita hata hawaioni. Kufika fainali akakutana na katoto ka miaka 17 kanaitwa Boris Becker hakako hata kwenye orodha ya waliopangiwa nafasi, yaani wale wakali wanaotegemewa kufika mbali, kakamfunga seti tatu kwa moja. Watu wanakumbuka hiyo fainali kwa sababu ya Becker peke yake. Curren amesahaulika kabisa na mimi naona ni dhuluma, maana ukiangalia nani alitoa nani, huyo alikuwa na wiki mbili nzito kushinda mtu yeyote mwaka huo.

Alafu kuna Johan Kriek pia, hiyo sio Wimbledon lakini ni mambo yaleyale. Alishinda Australian Open mara mbili mfululizo, ile ya 1981 na ya 1982, na katikati hapo pasi ilibadilika kutoka ya Afrika Kusini ikawa ya Marekani. Sasa utasema kombe moja ni la Afrika na lingine si letu? Mtu ni yuleyule, mkono ni uleule.

kijana_wa_Gerezani

Kama tunahesabu kwa kuzaliwa na kwa damu basi tumalize kabisa jamani, mama yake Federer si wa Afrika Kusini? Tumechukua Wimbledon 8 hapo bila jasho 😂😂

TopSpin254

😂😂 buda wewe utafika mbali. Kwa hesabu hiyo hata French Open ya 1983 ni ya Cameroon.

Ngamiani_Boy

Aisee hii ya Cameroon ndo ipi tena? Na mzee wa Mshindo usitukimbie, ya Misri tunaisubiri watu wamejaa hapa wanasoma kwenye simu yangu.

TopSpin254

Yannick Noah. Alizaliwa Sedan huko Ufaransa, baba yake Zacharie alikuwa mcheza mpira kutoka Cameroon na alichukua kombe la Ufaransa na timu ya Sedan 1961. Familia ikarudi Yaoundé, mtoto akakulia huko, na 1971 Arthur Ashe, mcheza tenisi mweusi wa Marekani, akiwa kwa ziara Afrika akamwona akiwa na miaka 11 akashtuka, akawapigia simu watu wa tenisi Ufaransa wamchukue. 1983 akashinda Roland Garros, ndio hiyo French Open, Wilander seti tatu bila. Lakini alicheza chini ya bendera ya Ufaransa maisha yake yote kwa hivyo kwenye uzi huu wa Wimbledon hana kiti, nimemtaja kwa sababu ya yule mchokozi wa Gerezani.

Mzee_wa_Mshindo

Nimerudi. Haya Misri.

Jamaa anaitwa Jaroslav Drobny. Jina tu linakwambia sio mtu wa Cairo. Alizaliwa Prague, Czechoslovakia, na mnisikilize vizuri, huyu alikuwa anacheza tenisi na hoki ya barafu kwa wakati mmoja, na kwenye hoki ana medali ya fedha ya Olimpiki ya 1948. Wakomunisti wakashika nchi yake 1948. Mwaka uliofuata wakiwa kwenye mashindano Gstaad, Uswisi, yeye na mwenzake mmoja wakaambiwa warudi nyumbani haraka, wakagoma. Akawa mtu asiye na nchi. Huwezi kusafiri kucheza mashindano bila pasi, na nchi iliyomkubali ikampa uraia ni Misri, ile ya Mfalme Farouk. Tangu 1950 mpaka mwisho wa muongo ule akawa anaingia Wimbledon kama mchezaji wa Misri.

Sasa angalieni safari yake ya fainali pale Wimbledon. 1949 akafika akafungwa na Ted Schroeder Mmarekani, hiyo bado alikuwa anachezea Czechoslovakia. 1952 akafika tena, safari hii Misri, akapigwa na Frank Sedgman wa Australia. 1954 watu walishamchoka, ana miaka 32, macho mabovu anacheza na miwani ya giza, kwenye orodha ya waliopangiwa nafasi kawekwa namba 11, yaani hata waandaaji hawakumtegemea. Akafika fainali akamkuta Ken Rosewall wa Australia, kijana wa miaka 19. Akashinda 13-11, 4-6, 6-2, 9-7. Soma hiyo seti ya kwanza tena, 13-11, hakuna taibreki, ile gemu fupi ya kuamua seti, enzi hizo, mnapigana tu mpaka mmoja achoke. Uwanja mzima ulikuwa upande wake.

Kwaiyo ndio, kombe la Wimbledon la wanaume mmoja mmoja limewahi kuandikwa Misri, mwaka 1954, na hakuna mwingine aliyechezea nchi ya Afrika aliyelibeba kabla wala baada yake. French Open nayo aliichukua mara mbili kwa bendera hiyohiyo, 1951 na 1952, na ile ya 1951 aliyemfunga fainali ni Eric Sturgess wa Afrika Kusini! Fainali ya Paris, Misri na Afrika Kusini, kaskazini na kusini mwa bara, na hakuna anayeisema.

Baadae akahamia Uingereza akawa raia wa huko na maisha yake yakaishia huko. Kwaiyo mkianza ubishi wa damu, Drobny anatoka. Mkisema bendera, Curren anatoka. Chagueni kimoja msitake vyote viwili. Mimi msimamo wangu ni bendera, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyoandika, na kwa sababu ukishaanza kupima damu utajikuta unagombana mpaka usiku na hamfiki popote.

Ngamiani_Boy

Mzee we ni hazina. Basi kreti limeamuliwa, mzee wa magazeti kachukua na wale wawili wanachangia. Kwaiyo kwa bendera ni Norton, Drobny, Reynolds, Anderson na Jabeur. Watu watano tu miaka yote hii?

Jamaa yangu lakini bado ana neno moja, anasema hata kama ni wa pili kwa vitabu yeye moyoni Jabeur ni wa kwanza, maana hao wengine haoni kama walikuwa wanatuwakilisha. Naona kama anakimbia deni lakini pia namwelewa.

Dada_Zuhura

Hakimbii deni tu huyo jamaa yako, ana hoja, na mimi nimesubiri mtu aiguse nikaona mnapita pembeni tu mnahesabu seti.

Sandra Reynolds kacheza fainali yake Julai 1960. Machi mwaka huohuo, tarehe 21, polisi wa Afrika Kusini wamemimina risasi Sharpeville wakaua watu 69 waliokuwa wanaandamana kupinga vitambulisho vya kutembelea. Simlaumu dada wa watu kwa risasi ambazo hakupiga yeye, alikuwa mchezaji na mchezaji mzuri. Ila nauliza, msichana mweusi wa Soweto au Mhindi wa Durban aliyezaliwa mwaka mmoja na Reynolds angepita wapi mpaka afike Wimbledon? Klabu ni za wazungu, viwanja ni vya wazungu, chama kinachopeleka wachezaji nje ni cha wazungu. Kwaiyo ile nafasi ya fainali haikuwa ya Afrika kwa maana ya Waafrika wote kugombea, ilikuwa ya kikundi kimoja kilichofunga mlango nyuma yake. Norton hivyohivyo, na Sturgess hivyohivyo.

Na dunia ilishaanza kuliona hilo. Arthur Ashe, huyuhuyu mliyemtaja kwa Noah, aliomba viza aende kucheza mashindano ya Afrika Kusini akakataliwa kwa sababu ni mweusi. 1970 Afrika Kusini ikatolewa Davis Cup, lile kombe la tenisi la timu za nchi. Ashe wakamruhusu mwishowe 1973, akaenda, na akafika fainali akafungwa na Connors, ila wawili wawili akashinda na Tom Okker. Kuna waliomlaumu kwa kwenda, wakisema anawapa makaburu sura nzuri, na kuna waliomsifu, hiyo ni mada yake yenyewe. Afrika Kusini wakarudishwa Davis Cup, na 1974 wakafika fainali wakapangiwa na India. India wakasema hatuchezi na ubaguzi, wakaacha kombe liende bure. Timu ya India ilikuwa nzuri ile, ya akina Amritraj, walikuwa wanaweza kushinda. Hilo ndo kombe la Davis Cup la pekee la Afrika Kusini, wamelipata bila mechi ya fainali.

Ndo maana Jabeur alivyofika 2022 watu wa Tunis, wa Lagos, wa Mombasa wote walijiona ndani yake. Mtoto wa Ksar Hellal, mama yake ndo kampeleka uwanjani akiwa mdogo, kakulia kwenye viwanja vya Tunisia, hakuhamishiwa Florida akiwa na miaka 8. Kwa vitabu ni wa pili, sawa, siwezi kubadilisha kitabu. Ila msimcheke anayesema moyoni ni wa kwanza.

Mzee_wa_Mshindo

Zuhura umesema na mimi sina cha kupinga. Ntaongeza tu kwamba hata neno "Mwarabu wa kwanza" limekaa vizuri kwake, maana Drobny alibeba pasi ya nchi ya Kiarabu lakini yeye mwenyewe hakuwa. Wamisri wenyewe waliokuwa Wamisri haswa kuna Ismail El Shafei, huyu alichukua Wimbledon ya vijana 1964 na 1974 akamfunga Björn Borg palepale Wimbledon akafika robo fainali. Karibu sana lakini fainali hakuiona.

kijana_wa_Gerezani

Serious sasa. Mimi swali langu ni moja tu, Jabeur alikosaje zile fainali mbili?? ile ya pili niliangalia yote na mpaka leo sielewi. Vondrousova?? hata jina lake nililisikia siku ile

TopSpin254

Hiyo ya pili hata mimi iliniuma msee. Wacha nianze na ya kwanza.

2022 Jabeur anaingia akiwa namba 2 duniani, Wimbledon wakampangia nafasi ya 3. Rybakina alikuwa wa 17. Na mwaka huo Wimbledon walikuwa wamefungia Warusi na Wabelarusi, Rybakina amezaliwa Moscow lakini anachezea Kazakhstan tangu 2018, kwa hivyo aliingia. Seti ya kwanza Jabeur 6-3, anacheza vile vitu vyake vya kukata mpira, kudondosha karibu na neti, Rybakina anakimbizwa kushoto kulia kama amepotea njia. Seti ya pili yule dada mrefu akaacha kukosea, na sevu ikaanza kuingia. 6-2. Seti ya tatu ndio ilikuwa na dakika moja ya kuamua kila kitu, Rybakina anaongoza 3-2, anasevu, Jabeur akamfikisha sifuri arobaini. Pointi tatu za kuvunja, yaani za kuichukua gemu ambayo mwenzako ndio anasevu. Akipata moja tu inakuwa 3-3 na uwanja wote uko na yeye. Rybakina akatoka hapo. Ikawa 4-2 badala ya 3-3, na mechi ikaishia hapohapo, 6-2.

2023 sasa. Hii njia yake ilikuwa ya kutisha. Alimpiga Kvitova ambaye ni bingwa wa Wimbledon mara mbili, robo fainali akamkuta Rybakina yuleyule, akapoteza seti ya kwanza, akageuza akalipa kisasi. Nusu fainali Sabalenka, tena seti ya kwanza imeenda, tena akageuza. Kila mtu akasema mwaka huu ni wake, imeandikwa. Vondrousova wa Czech alikuwa wa 42 duniani, mkono wa kushoto, hajapangiwa nafasi, na kabla yake hakuna mwanamke ambaye hakupangiwa nafasi aliyewahi kushinda Wimbledon zama za Open. Fainali ikachezwa paa limefungwa. Jabeur akaongoza 4-2 seti ya kwanza. Akapoteza gemu nne mfululizo. Seti ya pili akaongoza 3-1. Ikaisha 6-4, 6-4.

Ukiniuliza mimi, Vondrousova alikuwa mpinzani mbaya zaidi kwake kuliko Sabalenka. Sabalenka anapiga kwa nguvu, anakupa mpira wenye kasi, Jabeur anautumia ile kasi kukufanyia ujanja. Vondrousova hampi kasi, yeye mwenyewe ni mjanja, anadondosha, anakata, anarudisha kila kitu na subira. Wajanja wawili wakikutana anashinda ambaye hana mzigo kichwani, na siku hiyo mwenye bara zima mgongoni alikuwa mmoja tu. Alilia pale uwanjani, akasema ni kipigo kilichomuuma zaidi ya vyote maishani mwake kwenye tenisi.

Na kati ya hizo mbili kuna fainali ya US Open 2022, Świątek akamfunga 6-2, 7-6. Fainali tatu za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kwa miezi kumi na mbili hivi, zote hola. Hapo ndipo watu wanamwita mtu wa bahati mbaya, lakini jaribu wewe kufika tatu.

Dada_Zuhura

Tunisia wanamwita Waziri wa Furaha, na siku ile ya 2023 furaha yenyewe ilikosa waziri. 2025 akatangaza anapumzika tenisi kwanza, akasema kwa muda amekuwa hajisikii na furaha uwanjani. Mimi nilimwelewa kabisa.

Ngamiani_Boy

Dah. Na huyu Anderson mbona mmempitia juujuu, yeye alichapwa vipi?

Mzee_wa_Mshindo

Anderson alifika fainali ya 2018 akiwa amekwisha, hiyo ndo hadithi yake yote. Robo fainali kamtoa Federer. Federer anaongoza seti mbili bila, alishafika mpaka pointi moja ya kumaliza mechi, Anderson akaikoa, akageuza, akashinda seti ya tano 13-11. Siku mbili baadae nusu fainali na John Isner, majitu mawili marefu yenye sevu za kombora, hakuna anayeweza kumvunja mwenzie. Wakacheza saa 6 na dakika 36. Seti ya tano peke yake iliisha 26-24. Ishirini na sita. Baada ya mechi Anderson mwenyewe hata kushangilia hakushangilia, akaanza kuwaomba waandaaji wabadilishe hiyo sheria. Jumapili akasimama mbele ya Djokovic miguu haipo, seti mbili za mwanzo 6-2, 6-2 hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Ya tatu akaamka, akapata nafasi za kuichukua seti, ikaenda taibreki, Djokovic akafunga kazi. Ndo alikuwa mwanaume wa kwanza wa Afrika Kusini kwenye fainali hiyo tangu Norton wa 1921, karibu miaka mia.

Na ile mechi na Isner ndo imeleta taibreki ya seti ya mwisho pale. Wimbledon wakaweka 2019 kwamba mkifika 12-12 mnapiga taibreki, na mwaka huohuo wa kwanza fainali ya Djokovic na Federer ikaishia humo, 13-12. Siku hizi Grand Slam zote nne mkifika 6-6 seti ya mwisho mnacheza taibreki ya pointi kumi. Kwaiyo alichobakiza Anderson Wimbledon ni sheria, kombe hakupata.

TopSpin254

Na kwa sababu mmesema habari za kumbukumbu, huyo Rosewall ambaye Drobny alimnyima 1954 hakuwahi kupata hilo kombe mpaka anastaafu. Alicheza fainali 1954, 1956, 1970 na 1974, akapoteza zote nne. Mashindano mengine yote makubwa alishinda, ana Grand Slam 8. Katikati pale hakuruhusiwa Wimbledon karibu miaka 11 kwa sababu alikuwa ameingia kwa wanaolipwa, ile ukuta mzee ameeleza hapo juu. 1974 alifika fainali na miaka 39, Connors akamfunga 6-1, 6-1, 6-4. Kwa hivyo kombe la Misri lina thamani zaidi ya vile watu wanafikiria, Drobny alilitoa kwa mmoja wa wakali wa wakati wote.

kijana_wa_Gerezani

Alafu sisi huku Afrika Mashariki vipi, hatuna hata mmoja?

TopSpin254

Fainali ya wakubwa ya mmoja mmoja, hakuna, si Kenya si Tanzania si Uganda. Lakini Wimbledon tuko na jina. 2022, mwaka uleule wa Jabeur wa kwanza, Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana. Amelelewa na nyanya yake Nairobi, hakuwa mtoto wa kutoka nyumba ya pesa.

Kutoka vijana hadi wakubwa ni mlima mwingine, mashindano madogomadogo ya kutafuta pointi yako mengi Ulaya na tiketi ya ndege unalipa mwenyewe. Jabeur alishinda Roland Garros ya vijana 2011, na fainali yake ya kwanza ya wakubwa kwa Grand Slam ikaja 2022. Hesabu hapo katikati.

Ngamiani_Boy

Miaka 11. Sawa, nimewasomea wote hapa. Jamaa wa "moyoni ni wa kwanza" anauliza kama kuna video za hiyo mechi ya Drobny na Rosewall.

Mzee_wa_Mshindo

Zipo vipande vya filamu za habari za zamani, nyeusi na nyeupe, tafuta jina lake na 1954 utaona. Utamtambua kwa miwani.